Kwa nini mshahara wa mwisho ndio mgumu kulipwa, na jinsi ya kuudai

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kupokea simu za wateja katika kampuni moja kando ya Mombasa Road. Mshahara ulikuwa Sh24,000. Nilipopata kazi kwingine niliandika barua, nikatoa notisi ya mwezi mmoja, nikachapa kazi hadi siku ya mwisho. Nilirudisha vifaa vyao na kadi ya kufungulia mlango. Wenzangu wakaninunulia keki. Nikaondoka nikijua mwisho wa mwezi doo itaingia kama kawaida.

Haikuingia. Tarehe 5 landilodi wa Pipeline akabisha mlango. Nikamwandikia mama wa HR kwa WhatsApp: "Habari yako madam, naulizia ile mshahara yangu ya mwisho." Akajibu, "Iko kwa wahasibu, vumilia kidogo." Mwezi wa pili alama zilibaki mbili za bluu, bila jibu. Mwezi wa tatu nilienda mwenyewe, nauli ya kwenda na kurudi, nikaambiwa yule madam aliacha kazi na huyu mpya hana faili yangu. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimechoka. Nikajiambia wacha ziende.

Nilikuja kujua baadaye kwamba nilijisalimisha mapema mno, maana sheria ilikuwa imenipa miaka 3.

Ninaandika haya kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki mbele ya vijana watano, angalau mmoja huwa na chake. Aliyekuwa akiuza simu Luthuli Avenue, aliyekuwa mhudumu wa mkahawa Westlands, aliyekuwa akifundisha katika shule ya kibinafsi Kayole. Kazi ni tofauti lakini wimbo ni mmoja: mishahara yote ililipwa, hata kama ni kwa kuchelewa, isipokuwa ule wa mwisho.

Mbona ule wa mwisho?

Ukiwa bado kazini, bosi anakuhitaji kesho asubuhi. Asipokulipa, hutafika, au utafika ukiwa umenuna na wateja wataona. Siku ukiondoka, hitaji hilo linaisha. Pesa zikiwa chache, kampuni hulipa kwanza wale wanaoweza kuizimia kitu: anayeleta stima, mwenye jengo, anayeleta bidhaa, wafanyakazi waliopo. Wewe uliyeondoka huna cha kuzima, kwa hivyo unawekwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe haifiki kwako.

Sababu ya pili ni hesabu, na bosi anaijua kuliko wewe. Deni la Sh26,000 ni kubwa kwako kiasi cha kukukosesha usingizi, lakini ni dogo mno kwa wakili. Ukilipa ada yake huenda usibaki na kitu. Mwajiri anayekuzungusha haamini kwamba hukustahili kulipwa. Anachoamini ni kwamba utachoka kabla yake.

Ya tatu ni woga. Tunaogopa kwamba kampuni mpya itampigia simu bosi wa zamani na kuambiwa sisi ni wagomvi. Kwa hivyo tunadai kwa kunong'ona: "Boss, pole kwa usumbufu." Tunaomba radhi kwa kuulizia pesa tulizozitolea jasho.

Unadai nini hasa?

Wengi wetu tunaodai hatujui hesabu yetu. Tunasema "mshahara wangu" tu, na mtu akituuliza ni pesa ngapi, tunakisia. Ukikisia umeshampa mwenzako nafasi ya kubishana nawe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa vitu kadhaa unapoondoka. Cha kwanza ni malipo ya kila siku uliyofanya kazi hadi siku ya mwisho. Hili halitegemei uliondoka vipi. Hata kama ulipigwa kalamu papo hapo kwa kosa ulilolifanya kweli, sheria inasema ulipwe kila ulichochuma hadi tarehe ya kufutwa. Bosi anaweza kuwa na haki ya kukufukuza na bado asiwe na haki ya kubaki na pesa zako.

Cha pili ni likizo ambayo hukuichukua. Ukimaliza miezi 12 unastahili siku 21 za likizo yenye malipo. Ukiondoka kabla ya mwaka kuisha, mradi umefanya kazi miezi 2 au zaidi, kila mwezi unakuletea siku moja na robo tatu. Hizi ndizo pesa zinazosahaulika zaidi, kwa sababu hakuna anayekukumbusha.

Cha tatu ni notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni angalau siku 28, isipokuwa kandarasi iseme zaidi. Bosi akikuambia usirudi kesho bila kukupa notisi, na bila kosa kubwa la kumruhusu kufanya hivyo, anapaswa kulipia kipindi hicho. Ukiwa katika kipindi cha majaribio, notisi ni siku 7.

Kiboko hiki kina ncha mbili. Ukiamka Jumatatu ukazima simu na kuanza kazi kwingine, wewe ndiye unayedaiwa notisi. Kampuni ikikata kiasi hicho kwenye hesabu yako ya mwisho, utakuwa na hoja dhaifu. Nimewasikia wengi wakilia wameibiwa ilhali waliondoka bila hata barua. Hata kama kazi imekuchosha hadi kooni, andika barua.

Kuna na mambo mawili yanayotegemea hali yako. Ikiwa kazi yako iliondolewa kwa sababu kampuni inapunguza watu, unastahili pia malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Na ikiwa hukuwa unachangiwa NSSF wala mpango mwingine wa pensheni au kiinua mgongo, una haki ya kudai malipo ya huduma kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Tuchukue mfano. Tuseme ulianza Januari 1 kwa mshahara wa Sh30,000, ukatoa notisi vizuri na kuondoka Septemba 15. Siku 15 za Septemba ni nusu ya mshahara, yaani Sh15,000. Miezi 8 kamili mara siku 1.75 ni siku 14 za likizo. Ulichukua 4 ulipoenda mazishi ya babu, zikabaki 10. Ukigawa Sh30,000 kwa siku 26 za kazi, kila siku ni kama Sh1,154, hivyo likizo ni Sh11,538. Jumla ni Sh26,538 kabla ya ushuru na makato mengine ya kisheria. Wapo waajiri wanaogawa kwa siku 30, kwa hivyo angalia kandarasi yako inasemaje. Muhimu ni uwe na tarakimu moja, na uweze kueleza kila shilingi imetoka wapi.

Sababu ambazo utapewa

"Hujamaliza kliaransi." Ile fomu ya kuzungusha kwa idara zote ili kila mmoja atie saini si mbaya. Kampuni ina haki ya kurudishiwa laptopu na funguo zake. Ubaya unaanza fomu inapogeuzwa kuwa jela, ati mtu wa IT yuko likizo, ati meneja hatii saini Ijumaa. Rudisha kila kitu siku ya mwisho, piga picha, na umwombe anayepokea aandike "nimepokea" na tarehe. Ukiwa na hiyo, kisingizio cha kliaransi hakina miguu.

"Kulikuwa na upungufu wa pesa kwenye kaunta." Sheria inaruhusu makato, lakini kwa masharti. Upungufu wa pesa unaweza kukatwa ikiwa ulitokana na uzembe au wizi wako, na kandarasi yako inasema wazi kwamba ulikabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mali iliyoharibika inaweza kukatwa ikiwa uliiharibu kwa kusudi, tena kwa kiasi cha haki. Kwa jumla makato yote hayafai kuzidi thuluthi mbili ya mshahara. Kwa hivyo ule mtindo wa kugawanya hasara ya duka kwa wafanyakazi wote, aliyekuwepo na asiyekuwepo, hauna msingi. Omba hesabu ya makato kwa maandishi.

"Wewe hukuwa na kandarasi." Hapa wengi hunyamaza wakidhani wamepatikana. Kumbe ni kinyume. Kumwandalia mfanyakazi wa miezi 3 au zaidi kandarasi ya maandishi ni jukumu la mwajiri. Mambo yakifika kortini na mwajiri akose kuitoa, mzigo wa kuthibitisha au kupinga masharti unayodai unamwangukia yeye.

"Ulikuwa kibarua tu." Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au ukapewa kazi ambayo haingeweza kuisha ndani ya miezi 3, sheria inakuondoa kwenye ukibarua na kukuhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, na haki zake. Cheo walichokuita kwa mdomo hakibadilishi hilo.

"Kampuni haina pesa." Mara nyingine ni kweli. Biashara nyingi changa za Nairobi zinaishi kwa malipo ya mteja mmoja anayechelewa. Ukiamini hivyo, kubali kulipwa kwa awamu, lakini iwe kwa maandishi, na tarehe na kiasi cha kila awamu, na saini ya mwenye mamlaka. "Nitakusort mambo yakiwa poa" haina tarehe, kwa hivyo haijawahi kuchelewa.

Karatasi kabla ya kelele

Vita hivi hushindwa au kushindikana wiki mbili kabla ya kuondoka. Barua pepe ya kazi itafungwa siku ile ile utakayotoka, na kikundi cha WhatsApp utatolewa kabla hujafika steji. Kwa hivyo hifadhi mapema kandarasi au barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, barua yako ya kujiuzulu na ushahidi kwamba ilipokewa, maombi ya likizo, na ratiba ya zamu. Usibebe data za wateja wala siri za kampuni, maana hapo utawapa wao kesi.

Kama ulikuwa ukilipwa kwa M-Pesa, ingia *334# au kwenye programu ya M-Pesa, uombe taarifa ya miezi yote uliyofanya kazi. Malipo yanayoingia kila mwisho wa mwezi kutoka nambari moja yanaeleza mengi hata bila kandarasi. Kama ni benki, chukua taarifa ya benki. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhi yote, pamoja na tarehe na nambari, usikate kipande kinachokupendeza pekee. Korti za Kenya hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini utatakiwa kuandamanisha cheti kinachoeleza ulivyoutoa na kifaa ulichotumia.

Angalia pia kama zile pesa za NSSF na SHA ulizokuwa ukikatwa zilifika huko. Kukatwa kwenye hati ya mshahara ni jambo moja, kufikishwa ni jingine.

Kisha andika barua ya madai. Si ujumbe wa "naulizia tu", ni barua. Huhitaji wakili, wala Kiingereza cha bungeni. Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu Katiba ya 2010. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Kwa Mkurugenzi. Nilifanya kazi katika kampuni yako kama mhudumu wa wateja kuanzia Januari 1 hadi Septemba 15. Hadi leo sijalipwa mshahara wa siku 15 za Septemba, Sh15,000, na siku 10 za likizo, Sh11,538. Jumla ni Sh26,538 kabla ya makato ya kisheria. Naomba zilipwe kufikia Oktoba 31 kupitia akaunti mliyokuwa mkiitumia. Nisipolipwa kufikia siku hiyo, nitawasilisha malalamishi kwa afisa wa leba. Naomba pia cheti changu cha huduma."

Hakuna matusi wala kuomba radhi. Ipeleke kwa barua pepe na nakala ya karatasi, upigiwe muhuri. Hicho cheti cha huduma ni haki yako ukiwa umefanya kazi wiki 4 au zaidi. Hakikupi sifa, kinathibitisha tu kwamba ulikuwa hapo na ulifanya kazi gani, na mwajiri hana ruhusa ya kukizuia kwa sababu mmekosana.

Ofisi ya leba, kisha korti

Siku uliyoweka ikipita, nenda ofisi ya leba ya kaunti ulikofanyia kazi. Kuwasilisha malalamishi hakulipishwi. Afisa wa leba atamwandikia mwajiri, atawaita nyote wawili, na ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kudai rekodi za mishahara. Kama malalamishi yako ni kuhusu kufutwa kazi bila haki, sheria inataka uyafikishe kwake ndani ya miezi 3 tangu ulipofutwa. Usikae.

Barua ya afisa wa leba ina uzito ambao ujumbe wako hauna, kwa sababu inamkumbusha mwajiri kitu ambacho wengi hawakijui: kukosa kulipa mshahara ni hatia. Adhabu yake chini ya Sheria ya Ajira ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Baadhi ya waajiri hulipa wakisikia hilo tu.

Wengine hawalipi. Afisa wa leba anasuluhisha. Hatoi hukumu kama hakimu, na mwajiri sugu anaweza kukataa wito mara mbili tatu huku mafaili yakirundikana mezani. Hapo inabaki korti. Na hapa pia vijana wengi hukosea mlango. Tangu mwaka 2018, kesi za waliokuwa wakilipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa, kwenye korti za kawaida zilizo karibu nawe. Wanaozidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Leba. Unaweza kujiwakilisha. Kwa wasio na uwezo kuna Kituo Cha Sheria, na pia huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kama kazi yako ina chama cha wafanyakazi na ulikuwa mwanachama, anzia huko.

Kumbuka ile miaka 3. Ndiyo muda wa kufungua kesi tangu haki yako ilipovunjwa, na kwa jambo lililokuwa likijirudia, kama malipo duni ya kila mwezi, muda ni miezi 12 tangu likome. Mazungumzo hayasimamishi saa. Bosi anaweza kukuambia "tunaongea" hadi mwezi wa 36, kisha anyamaze.

Mlango uliofungwa

Sasa tufike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, ambalo si kosa la bosi yeyote.

Kenya ina korti ya madai madogo. Ya kwanza ilizinduliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, utaratibu wake ni mwepesi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Anayeipelekea kampuni maji ya kunywa asipolipwa Sh26,000 anaweza kwenda huko. Aliyepaka ofisi rangi anaweza. Mbunifu wa michoro aliyetengeneza nembo kama mtu wa kujitegemea anaweza, kwa sababu aliuza huduma. Kwa hivyo kama wewe ni mpiga picha au mwandishi wa kulipwa kwa kila kazi, huo ni mlango wako, utumie.

Lakini msichana aliyekaa mapokezi ya ofisi hiyo hiyo, akiyanywa maji hayo hayo, akidai Sh26,538 zake za mwisho, hawezi. Sheria ya korti hiyo inataja migogoro ya ajira kati ya mambo isiyoruhusiwa kuyasikiza. Mwuza maji ana siku 60. Msichana wa mapokezi ana ofisi ya leba, kisha foleni ya hakimu.

Kuna hoja za upande wa pili, na si za kipuuzi. Katiba ilitaka migogoro ya ajira iwe na mahakama yake maalum kwa sababu mwajiri na mwajiriwa hawako sawa kwa nguvu. Kesi ya kufutwa kazi ina maswali mazito: mtu alisikizwa? Sababu ilikuwa ya haki? Fidia iwe ya miezi mingapi, ikizingatiwa kwamba inaweza kufika 12? Huwezi kuyakimbiza hayo kama kesi ya deni la maji.

Ila siku 15 ambazo mtu alifanya kazi na hakulipwa hazina maswali hayo. Ni hesabu ya kujumlisha. Aidha alikuwa kazini au hakuwa, aidha alilipwa au hakulipwa. Na kama mahakimu walipewa kesi za ajira mwaka 2018, basi tayari tumekubali kwamba si kila jambo la kazi lazima lifike kwa jaji. Bunge lingeweza kutenganisha mambo mawili: kupinga kufutwa kubaki kulikoko, na mshahara uliokwisha kuchumwa kupelekwa penye siku 60. Mwajiri anayengoja uchoke angekuwa na siku 60 za kungoja, si miaka.

Tunaambiwa kila siku kwamba vijana wa Kenya hawana ajira. Ni kweli. Lakini tukizungumza juu ya ajira tunahesabu nafasi tu. Hatuhesabu wale waliofanya kazi na wakatoka mikono mitupu, wakaanza mwezi mpya kwa Fuliza.

Mambo matatu ya kuchunga

La kwanza ni saini. Siku ya malipo unaweza kuwekewa karatasi inayosema umepokea kila kitu na huna madai zaidi. Usiitie saini kwa sababu una haraka ya kupata nusu ya pesa zako. Mwaka 2018, katika kesi iliyohusu Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufani ilisema makubaliano ya namna hiyo yanamfunga aliyeyatia saini kwa hiari yake akijua anachofanya. Korti inaweza kuyatupa kukiwa na hila au shinikizo, lakini hapo wewe ndiye utakayetoka jasho kulieleza. Isome kwanza. Kama kiasi si kamili, andika hivyo kwa mkono juu ya saini yako, au usiitie.

La pili ni mitandao. Najua raha ya kuianika kampuni kwa X au TikTok, na kweli kuna wakati imefanya watu walipwe kwa siku moja. Lakini ukizidisha neno, ukiwaita wezi au kumtaja meneja kwa mambo usiyoweza kuyathibitisha, unaweza kushtakiwa kwa kuharibia watu jina, na deni la Sh26,000 likageuka kesi yako wewe. Kama lazima useme, sema tu kile ulicho na karatasi yake.

La tatu ni kampuni inayoanguka. Wafanyakazi wa Nakumatt wanakumbuka. Duka hilo liliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura lifungwe. Sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 inawapa wafanyakazi kipaumbele kwa mishahara ya miezi 4 ya mwisho, hadi Sh200,000 kwa kila mmoja, baada ya gharama za ufilisi wenyewe. Lakini kipaumbele ni cha aliyewasilisha dai kwa msimamizi. Ukiona rafu zinabaki tupu na mshahara unalipwa vipande vipande, anza kukusanya karatasi siku hiyo. Usingoje tangazo gazetini.

Ile kampuni yangu ya Mombasa Road ilihama jengo. Siku moja nilipita hapo kwa matatu nikaona jina limebandikwa jingine. Bado nina ile barua ya kujiuzulu kwenye barua pepe, na zile alama mbili za bluu. Nilikuwa na ushahidi wote niliouhitaji. Sikujua tu kwamba ulikuwa ushahidi.

Kwa hivyo kama uliondoka kazini mwaka huu, au mwaka jana, au ule uliotangulia, na kuna pesa zilibaki, fungua simu leo uandike tarehe uliyotoka. Hesabu miezi 3, kisha miaka 3. Weka kikumbusho kwa zote mbili. Halafu chukua karatasi ufanye ile hesabu.